Nani Alikosea?

Hapa kwetu Mbalizi, si mbali na soko, yupo mama aliyejifungua mtoto mwenye macho yaliyoinuka pembeni na mwili uliolegea. Hata mwezi haujaisha, hukumu ikawa imeshatoka. Eti mama karogwa, eti alitoka nje ya ndoa. Mawifi ndiyo usiseme! Mume akafunga begi, akapanda basi la Tunduma, hadi leo. Mimi nilisikia yote nikanyamaza. Ndiyo maana naandika.

Hebu tuulize, nani alikosea?

Seli za mwili wa binadamu kwa kawaida zina kromosomu 46, zile nyuzi ndogo zinazobeba urithi. Yai la mama na mbegu ya baba hutakiwa kubeba 23 kila moja. Kazi hiyo ya kugawa nusu kwa nusu huitwa meyosisi. Safari nyingine jozi hukataa kuachana, na yai likaondoka na moja ya ziada. Mara chache kosa hutoka kwa baba. Mwaka 1959 watafiti wa Ufaransa, wakiwemo Jérôme Lejeune na Marthe Gautier, walionyesha kuwa watoto wenye hali iitwayo Down wana kromosomu 47, yaani ile ya 21 zipo tatu. Makosa mengine mengi ya namna hii huishia kwenye mimba kuharibika.

Kumbe mayai ya mwanamke huanza kugawanyika yeye mwenyewe akiwa tumboni mwa mama yake! Kisha husimama, yakasubiri miaka ishirini, hata arobaini, ndipo moja moja huendelea na kazi. Kadiri yanavyosubiri, ndivyo hatari inavyozidi.

Mtasema, basi kosa ni la mama kuchelewa kuzaa. La hasha! Kwa akina mama wa miaka 40, ni takriban mtoto mmoja kati ya 100. Wale 99 wengine mama zao walikuwa na umri huo huo. Walimzidi nini huyu wetu? Hata wa miaka 20 hupata, ingawa ni mmoja kati ya 1,500 hivi.

Basi chanzo kipo, mkosaji hayupo. Yai halikukusudia. Lakini waliomsema mama yule walikusudia, nami niliyenyamaza nilijua ninachofanya.

Mtoto sasa anatembea. Nikipita huniita, "Kaka!" Mama yake bado sijamwomba radhi. Wewe je, msomaji, mtaani kwako ulinyamaza?