Mapenzi ya Kuazima

Ametuuliza ndugu mmoja katika darasa letu: mtoto akipenda kitu kwa sababu ameona watu wanakipenda, je, mapenzi hayo ni yake au ni ya kuazima? Suala hili ni zito kuliko linavyoonekana. Tumeona tulijibu kwa kisa cha watoto wa Marekani waliojuana na muziki wa roki kwa njia ya televisheni, kwani baadhi ya waliokipitia wamekisimulia wenyewe. Ama khitilafu ya wanavyuoni juu ya ngoma na zumari, hiyo ina mahala pake, wala hatuigusi leo.

Usiku wa tarehe 9 Februari 1964, vijana wanne wa Liverpool waitwao Beatles walipiga muziki katika kipindi cha Ed Sullivan mjini New York. Ukumbini walikuwamo watu kama 700 tu. Majumbani walitazama watu wapatao milioni 73. Sasa na tuzingatie walichoonyeshwa hao wa majumbani. Mtu atadhani walionyeshwa wapigaji peke yao. La! Kamera ilikuwa ikiwaacha wapigaji na kuwageukia wasichana waliokaa vitini, wakipiga mayowe na kurukaruka. Hata ilipotua juu ya uso wa John Lennon, palitokea maandishi ya kuwaarifu wasichana kwamba huyu ameshaoa! Basi mtoto aliyekaa sakafuni mbele ya wazee wake alipata mambo mawili kwa mara moja: nyimbo, na namna ya kuzipokea nyimbo. Aliyezisikia katika redio hakupata ila lile la kwanza.

Atasema msemaji: hii ni taqlidi, ni kufuata kibubusa. Nasi twakubali kuwa mwanzo wake ni taqlidi. Lakini mwenye kusema hivyo akanyamaza hajauliza yaliyokuja baadaye, na huko ndiko kwenye mazungumzo.

Wakubwa wa televisheni walikwisha kuiona nguvu hii miaka saba kabla. Elvis Presley alipokuja mara ya tatu katika kipindi hicho hicho, tarehe 6 Januari 1957, alionyeshwa kuanzia kiunoni kwenda juu tu, ili mtikiso wa miguu yake usiingie katika nyumba za watu. Na usiku ule ule akaimba wimbo wa kanisani. Dawa hii kwetu ni ya ajabu. Miguu ilifichwa, mayowe hayakufichwa. Na mtoto akisikia mayowe asione sababu yake, fikira yake huikamilisha picha, tena kwa kuzidisha.

Bruce Springsteen, mtoto wa mji wa Freehold katika New Jersey, amesimulia kuwa alimwona Elvis katika kipindi hicho akiwa na umri wa kama miaka saba, akataka gitaa. Mama yake hakumkemea, wala hakukimbilia kumnunulia. Alimkodia. Vidole vya mtoto vikawa vidogo, nyuzi zikamshinda, gitaa likarudishwa dukani. Miaka ikapita, mwaka 1964 akaja kuwaona hao Beatles, na mara hii alipolishika gitaa hakuliacha tena.

Twamtazama mama huyu zaidi kuliko mwanawe. Hakuziba macho ya mtoto, alimpa kazi ya mikono. Mayowe ya watu milioni hayambonyezei mtu uzi mmoja. Kidole kinapouma, mapenzi ya kuazima hurejea kwa wenyewe, kama lilivyorejea lile gitaa la kwanza, na hapana aibu katika kurejea huko. Yakibaki baada ya maumivu, basi yamekwisha kuwa ya mtu mwenyewe, na hayaharibiwi na kuwa mwanzo wake ulitoka kwa wengine.

Lakini na tusiteleze hapa. Kuwa mapenzi ni yako si hoja kwamba unachokipenda ni chema. Mtu aweza kuutaabikia ubatili umri wake mzima, na vidole vyake vikawa sugu. Hayo ni masuala mawili, na wazee wengi huyachanganya: wakitaka kumwambia mtoto kuwa kitu ni kibaya, humwambia kuwa si chake, ni cha kuiga. Mtoto ajua moyoni mwake kuwa ni chake, basi huliona neno lao lote kuwa ni uongo, hata ile sehemu iliyokuwa kweli.

Nasi wenyewe, tulipokuwa wadogo chuoni, tulikuwa tukiyumba pamoja na wakubwa katika kasida, machozi yakitulengalenga, na neno moja la Kiarabu hatulijui. Tuliwaona wanalia, tukalia. Maana tulikuja kuisoma baadaye, kwa taabu, na wako miongoni mwetu ambao mpaka leo hawajaisoma.