Mikono ya Musa Ilichoka



Kitabu cha Kutoka, sura ya 17, kinasimulia vita vya Israeli na Waamaleki. Musa akiinua mkono, Israeli wanashinda, akiushusha, wanashindwa. Mikono ikamlemea. Haruni na Huri hawakumhubiria uvumilivu. Walimtafutia jiwe akakaa, kisha wakaishika mikono yake, mmoja huku na mwingine huku, hadi jua likazama.

Huku kwetu tunaishi kwa mikono. Tunachuma kahawa punje kwa punje, tunazungusha mashine ya kumenyea, tunalima mashimo ya ngoro kwenye miteremko ya Umatengo. Kule ziwani, Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, ni kupiga kafi na kuvuta nyavu za usipa. Tendo lile lile hurudiwa siku nzima, msimu baada ya msimu, na kiwiko ndicho hulipa.

Misuli inayoinua kiganja na kukishikilia imara unapokaza ngumi imeshikizwa kwenye mfupa wa upande wa nje wa kiwiko kwa kano. Kano ikivutwa kupita uwezo wake wa kujirekebisha, nyuzi zake hudhoofika. Ukibonyeza mfupa ule unaruka kwa maumivu; kukamua nguo, kuinua sufuria, hata kupeana mkono wa amani kanisani kunauma. Maumivu haya huwapata zaidi watu wa miaka 35 hadi 55, wale hasa wanaobeba familia. Hajarogwa mtu hapo, wala si uvivu.

Wengi hukimbilia sindano. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 185 wa kiwiko cha namna hii. Baada ya wiki 6, waliochomwa sindano ya steroidi walikuwa mbele sana: 92 kati ya kila 100 walipata nafuu. Baada ya mwaka mmoja walibaki 69, huku waliosubiri tu wakiwa 83, na waliopata fiziotherapia, yenye mazoezi ndani yake, 91. Nafuu ya haraka iliwaponyoka. Nasi tunaopenda muujiza wa siku moja tuyatafakari hayo.

Kano huponywa na kazi ndogo inayopimwa. Punguza tendo linaloumiza, lakini usiufunge mkono ukalala tu. Kaa, laza mkono juu ya paja, kiganja kikitazama chini na kikining'inia mbele ya goti. Shika chupa ya maji ya nusu lita. Kiinue kiganja kwa msaada wa mkono mwingine usiouma, kisha kishushe polepole bila msaada, mara 10 hadi 15, kila siku kwa miezi miwili au mitatu. Maumivu kidogo si kitu. Yakizidi hadi kesho yake, punguza uzito. Ndoo iinue viganja vikitazama juu. Usichanje wala kukandamiza kwa nguvu. Kiwiko kikivimba na kuwa cha moto, ukipata homa, vidole vikifa ganzi, au maumivu yakianza baada ya kuanguka, nenda hospitali mara moja.

Lakini nani atapunguza kazi wakati kahawa imeiva? Hapa ndipo Haruni na Huri wanapohitajika. Kwa desturi ya ngoro, mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga, mwanamke huchimba na kufukia. Kisha ni yeye huyo anayekamua nguo na kusonga ugali. Kumwambia mama apumzishe mkono bila kumpokea jembe ni kumdhihaki. Biblia haituambii kwamba Musa aliomba kushikwa. Walimwona amechoka, wakamshika.

Akina baba, wiki hii mpokeeni mama jembe na ndoo. Na ninyi wa jumuiya ndogo ndogo, mtakapokutana, ulizaneni ni mkono wa nani unauma, mpangiane zamu ya kumchumia kahawa hadi apone.