Haki ya Panya Kifungoni

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, niliyemsomesha juzuu huku Ruaha Mbuyuni, leo anafanya kazi katika maabara moja ambayo sitaitaja. Yeye huwatunza panya wadogo weupe wanaojaribiwa dawa. Siku aliyopita hapa akielekea Iringa aliniuliza: "Maalim, mkubwa wangu wa kazi asema niwatandikie maranda yoyote yapatikanayo, kwani wiki ijayo watakufa. Je, nikifanya hivyo nina dhambi?" Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamjibu: "Mwanangu, panya ni panya tu."

Aliondoka bila ya kuridhika. Siku chache baadaye nilikuwa namsaidia jirani kupanga vitunguu ghalani. Tuliposogeza magunia tukakuta kiota cha panya, kimetengenezwa kwa majani makavu na nyuzi za nailoni. Kitoto kimoja kilikuwa kimezongwa uzi mguuni hata mguu umekauka. Nikasimama nikifikiri. Mama yake alikuwa huru kuchagua, na bado alikosea. Je, yule aliye kizimbani, ambaye hana achaguliwalo ila na mkono wa mwanadamu?

Ama kumuua panya, hilo halina ubishi. Mtume (S.A.W.) alimtaja miongoni mwa viumbe watano waharibifu ambao wauawa hata ndani ya Haram. Lakini ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Mtume huyo huyo ametufunza kuwa Mwenyezi Mungu amewajibisha ihsani katika kila jambo, hata katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Na ile hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, sote twaijua, ila mara nyingi hatuitazami vizuri. Yule mwanamke hakumpiga paka kwa jiwe. Alimfunga, asimlishe, wala asimwache akajitafutie. Basi kule kufunga ndiko kulikozaa deni. Panya wa ghalani hanidai kitanda, kwani ana miguu yake. Wa kizimbani anadai, kwani miguu yake nimeichukua mimi.

Na deni lenyewe ni lipi? Maabara nyingi huwekwa joto la nyuzi 20 hadi 24, litufaalo sisi tuliovaa nguo. Panya mdogo hupenda joto la karibu nyuzi 30, na kiota ndicho nguo yake. Apewe karatasi safi isiyo na wino, iliyochanwachanwa, au nyasi kavu zisizopuliziwa dawa, kiasi cha gramu 8 hadi 10 kwa kizimba, naye atajenga mwenyewe. Pamba na nyuzi ndefu hazifai, kwa sababu huzonga miguu kama tulivyoona ghalani. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa ni sumu. Apewe na kijiti salama cha kutafuna, maana meno yake hukua maisha yake yote, na bomba la karatasi ngumu la kujifichia. Na kizimba kinaposafishwa, sehemu ya kiota cha zamani irudishwe, kwani harufu yake hupunguza ugomvi wa madume.

Tena liko jambo la amana. Maranda ya msonobari twayapata tele huku nyanda za juu, kwa sababu ya msitu wa Sao Hill kule Mufindi. Yana mafuta yenye harufu, na yasipokaushwa vizuri kwa moto, mafuta yale hulifanya ini la panya lifanye kazi kupita kawaida yake. Mwerezi ni vivyo hivyo. Ini la namna hiyo huivunja dawa upesi, na mtaalamu huandika jibu lisilo la kweli. Basi anayemdhulumu panya leo huenda kesho akamdhulumu mgonjwa.

Wako watakaosema: "Watoto wetu hawana magodoro, nawe watutajia vitanda vya panya!" Neno hilo lina uchungu wake. Lakini karatasi iliyochanwa haimnyang'anyi mtoto yeyote godoro. Na tazameni Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako tangu mwaka 2000 hufunzwa panya buku wanaonusa mabomu ya ardhini, na baadaye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifichua mabomu na silaha zaidi ya 100 huko Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020, akafa mwaka 2022. Kiumbe tunayemwita mharibifu aliokoa miguu ya watoto wa watu.

Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika mwaka 1959 kuwa mtaalamu awatumie wanyama pale tu asipopata njia nyingine, awatumie wachache, na awapunguzie mateso. Kwetu, hiyo ni sehemu ya ihsani.

Nimempelekea kijana wangu salamu kuwa jibu langu la kwanza nimelifuta. Nimemwambia amweleze mkubwa wake kwa adabu, aanze na hoja ya ini, na huku achane karatasi kwa mkono wake. Kwani hao watakufa wiki ijayo, lakini leo wahai, na baridi ni ya leo. Wazee walikwisha kusema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wallahu aalam.