Kodi ya Bahari Isiyo na Maji

Oktoba 2008 kampuni ya Linden Lab ya San Francisco ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2009 ada ya mwezi ya aina moja ya ardhi katika Second Life, dunia yake ya mtandaoni, itapanda kutoka dola 75 hadi 125. Ardhi hiyo, Openspace, ilikusudiwa iwe bahari ya kupitishia mashua au msitu wa kupumzisha macho. Udongo haina. Ni fungu la nguvu za seva, na maeneo manne ya aina hiyo yaligawana kiini kimoja cha prosesa. Hata hivyo wakazi walihamaki kama watu waliovunjiwa nyumba, wakaandamana humohumo ndani na mabango yao. Waliokuwa nje walicheka: nani agombee kiwanja kisichoota hata mchicha? Nadhani walicheka mapema mno. Chini ya ghadhabu ile lilikuwapo swali zito: mtu akitia kazi yake mahali pasipo pake, kwa kukaribishwa na mwenyewe, kisha mwenyewe akapandisha bei, mjenzi ana dai gani juu yake?

Kukaribishwa ndiko kiini cha jambo. Mwaka 2003 kampuni ilitangaza kwamba haki za ubunifu wa vitu vitakavyotengenezwa humo zitabaki kwa watengenezaji, msimamo ambao ulikuwa nadra kwa michezo ya wakati huo. Ikauza viwanja kwa lugha ya kununua na kumiliki. Machi 2008, miezi michache tu kabla ya tangazo la bei, iliruhusu Openspace zinunuliwe moja moja na ikaongeza maradufu idadi ya vipande vya kujengea vinavyoruhusiwa. Watu wakalipa, wakajenga: gati, mnara wa taa, safu ya minazi, ufukwe uliochongwa kilima kwa kilima. Anayeshindwa kodi huweza kurudisha vitu vyake kwenye hifadhi yake, lakini vinarudi kama shehena ya mbao. Mpangilio, yaani ile kazi yenyewe, hupotea, wala kuuhamishia kwingine hakukuwa rahisi.

Mwanafalsafa John Locke hatusaidii sana hapa. Yeye alihalalisha umiliki kwa kazi iliyotiwa katika kitu kisicho na mwenyewe, na seva zilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Desturi ya Mombasa inatufaa zaidi: nyumba yaweza kuwa ya mtu na ardhi ya mwingine, mwenye nyumba akalipa kodi ya ardhi, na hakuna anayesema kuta zimemezwa na kiwanja. Kwa mtazamo huo kodi ni halali, na kuipandisha si wizi. Ila kodi ikipanda ghafla kwa theluthi mbili, baada ya kuta kusimama, mwenye ardhi anaanza kutoza hata kuta ambazo hakuzijenga.

Atakayepinga atasema bei ni hiari ya muuzaji, na kwamba masharti yaliyokubaliwa yaliruhusu mabadiliko. Kwa Waislamu hoja hiyo ina uzito, kwani Mtume alipoombwa apange bei zilipopanda Madina, alikataa. Lakini mwanachuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alitenganisha hali mbili. Bei inayopanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa wanunuzi huachwa. Pale biashara inapokuwa mikononi mwa wachache na watu hawana pa kwenda, mtawala anaweza kuingilia. Aliyekwisha kujenga Second Life alikuwa na muuzaji mmoja tu. Ama masharti, mwaka 2007 mahakama ya shirikisho ya Pennsylvania, katika kesi ya Bragg dhidi ya kampuni hiyohiyo, ilikataa kutekeleza kifungu cha usuluhishi kwa kuwa kiliegemea mno upande mmoja. Kubonyeza kitufe cha kukubali si neno la mwisho la haki.

Utetezi wa kampuni wenye nguvu ulikuwa mwingine: maeneo yaliyouzwa kama bahari yaligeuzwa mitaa ya kupangisha, na aliyejaza lake aliwalemea majirani waliogawana naye seva. Hilo nalikubali, nalo linahalalisha kumtoza aliyezidisha. Haliwezi kumgusa aliyeweka maji na mashua mbili. Novemba kampuni yenyewe ilielekea huko: Openspace yenye vipande 750 tu ikabaki dola 75, na kwa waliojenga zaidi ikaanzishwa aina mpya, Homestead, dola 95 kuanzia Januari na 125 kuanzia Julai.

Liko jambo ambalo mabango hayakulitaja sana. Wengi wa waliopaza sauti walikuwa nao wenye viwanja, wakikatakata maeneo yao na kupangisha kwa wiki au mwezi. Kama kumkaribisha mtu ajenge kunaleta wajibu, basi wajibu huo ulikuwa juu yao pia, kwa mpangaji ambaye ongezeko lingemfikia mlangoni bila hata tangazo.