Deni la Aliyevuka

Je, msomaji, mtu aliyekwisha kuvuka mto ana deni gani kwa yule aliyebaki ng'ambo ya pili? Swali hili ni la kale, lakini leo nataka ulitazame katika kazi mpya.

Kompaila ni programu igeuzayo maagizo tuyaandikayo katika lugha ya kutungia programu, yawe maagizo ambayo mashine yaweza kuyatenda. Ziko kompaila huria, yaani maandishi yake yako wazi, na mtu yeyote aweza kuyasoma na kupendekeza masahihisho. Mojawapo ni GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa mwaka 1987. Nyingine ni ile ya lugha ya Rust, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2015. Twaambiwa kwamba kazi hizo ni za kila mtu. Lakini ni za kila mtu kweli, ikiwa mgeni hajui pa kuanzia?

Tazama mfano. Kompaila ya Rust imeandikwa kwa Rust yenyewe. Kwa hiyo haiwezi kujengwa pasipo kompaila iliyotangulia, kama vile chachu ya jana iumuavyo unga wa leo. Ile iliyotangulia huitwa hatua ya 0. Hiyo hujenga hatua ya 1, nayo hatua ya 1 hujenga hatua ya 2. Mwenyeji ajua kwamba kwa kazi nyingi hatua ya 1 yatosha. Zamani mgeni asiyeambiwa aliweza kungoja hatua zote, saa zikapita, akaenda zake akijidhania mjinga. Kumbe alikosa sentensi moja tu.

Aweza mtu kusema, "Nasi tulitaabika, naye ataabike, ndipo atakapojua." Neno hili lina nusu ya ukweli. Iko taabu ifundishayo, kama kutafuta kiini cha kosa gumu mpaka ukakipata. Na iko taabu isiyofundisha kitu, kama kutafuta agizo ambalo mwenzako angekuambia kwa neno moja. Kumwachia mwanafunzi taabu ya kwanza ni kumheshimu. Kumwachia ya pili ni choyo, au ni usahaulifu.

Na usahaulifu ndio ulio mwingi. Mjuzi hafichi, amesahau tu kwamba iko siku naye hakujua. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni ndiye alionaye shimo la njiani, kwa kuwa ametumbukia sasa hivi. Wajenzi wa Rust wanao mwongozo kwa wasaidizi wapya, na hata aliyefika jana aweza kupendekeza usahihishwe.

Basi deni hili si la mabingwa peke yao. Siku utakapokwama, kisha ukakwamuka, andika papo hapo lile ulilokosa kuambiwa, kwa maneno machache na ya kweli. Kisha mwombe mjuzi alikague, kwani mwongozo wenye makosa hupoteza watu kuliko kukosa mwongozo. Usingoje hata uwe bingwa. Ukiwa bingwa, utakuwa umekwisha kusahau.