Beseni Lisubiri

Kama nyumbani kwenu kuna mama anayekaribia kujifungua, nitegee sikio.

Mtoto mchanga mara nyingi huzaliwa na utando mweupe mwilini, mzito kama siagi. Wapo wanaouona kuwa uchafu, na papo hapo maji ya kuoga yanabandikwa jikoni. Si uchafu. Utando ule kwa sehemu kubwa ni maji, pamoja na seli za ngozi zilizobanduka na mafuta yaliyotoka kwenye tezi za ngozi ya mtoto mwenyewe, zilizoanza kazi angali tumboni. Humkinga ndani ya maji ya uzazi, na akishazaliwa huipa ngozi unyevu na kusaidia kuzuia vijidudu.

Tezi hizo tunazo sote, zimeshikamana na mashina ya vinyweleo, nyingi zaidi usoni na kichwani. Viganjani na kwenye nyayo hazipo kabisa. Utotoni hutulia, kisha balehe huziamsha, na chunusi zikafuata. Ndiyo maana mimi huwaonea huruma vijana wanaousugua uso kwa sabuni kali, kana kwamba mafuta yao ni adui.

Lakini leo nawasihi kwa ajili ya kichanga. Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Mila zikibana, angalau saa 6. Maji humpoza haraka mno. Akaushwe, alazwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, afunikwe. Bibi, shangazi, mkunga, tafadhalini: mwacheni na mafuta yake hadi kesho.