Kama Hana Makosa, Mbona Alitoroka?

Somo: Yoshua 20:1-6, Matendo 16:25-39



Juzi ushirika wetu wa nyumbani pale Kapsoya ulichelewa kuanza kwa sababu ya sinema. Tulipoingia, watoto wa mwenyeji walikuwa wamebakisha kama dakika kumi na tano za The Fugitive, ile ya mwaka 1993 ya Harrison Ford, na hakuna aliyekuwa na roho ya kuwazimia televisheni. Kwa wale hamjaiona: daktari wa Chicago anahukumiwa kifo kwa kumuua mkewe, na aliyemuua ni mtu mwingine, mwenye mkono mmoja wa bandia. Basi la wafungwa linapata ajali, linagongwa na treni, daktari anatoroka, na afisa anayeitwa Gerard anaanza kumsaka. Hadithi yenyewe ni ya zamani. Kati ya 1963 na 1967 Wamarekani waliitazama kama kipindi cha televisheni, kila wiki daktari yuko mji mwingine na kila wiki polisi wako nyuma yake.

Tulisoma neno, tukaomba, lakini chai ilipokuja mazungumzo yalirudi kwa daktari. Mama mmoja alisema angetulia tu, Mungu wake angemtetea. Vijana wakamrukia: angetulia angeuawa! Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya polisi alinyamaza kitambo, halafu akasema katika miaka yake ya kazi alishika watu wengi waliokuwa wakikimbia, na si wachache waliokuwa hawajafanya lolote. Walikuwa wanatuogopa sisi, akasema. Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Karibu wote tulikuwa upande wa daktari. Na kwa nini tusiwe? Sinema imetuonyesha. Tunajua mikono yake ni safi, kwa hivyo akiruka ukuta tunashangilia, akiiba nguo za mtu hospitalini tunasamehe.

Sasa sikieni kilichofuata. Kabla hatujafunga kwa maombi, mtu akataja yule kijana wa boda boda aliyepotea stejini baada ya simu ya abiria kukosekana. Na yule mama, aliyekuwa karibu kulia kwa ajili ya daktari wa Chicago, akasema, "Kama hana makosa, mbona alitoroka?" Wengi tukatikisa vichwa kukubali. Mimi pia nilitikisa, na ndiyo sababu naandika.

Hilo swali tunalipenda sana hapa kwetu. Linaonekana kama ushahidi, kumbe ni swali tu. Linachukulia kwamba asiye na hatia anajua pa kwenda na kwamba akifika huko atasikilizwa. Je, ni kweli? Sisi watu wa Eldoret tunajua neno "mwizi!" likipigwa kelele sokoni, mawe hufika kabla ya polisi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 50, inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka mahakama iseme vingine. Lakini umati haubebi Katiba mfukoni.

Na hata asiyekimbia? Mkumbuke Josephat Mwenda, mwendeshaji boda boda. Mwaka 2015 alipigwa risasi na afisa wa polisi, halafu yeye ndiye akafunguliwa mashtaka. Hakutoroka. Alipeleka malalamiko kwa IPOA, akapata wakili, Willie Kimani, akawa anahudhuria kesi yake kama raia mwema. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka mahakamani Mavoko, yeye, wakili wake na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri, wakatekwa nyara. Miili yao ilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk. Ilichukua mpaka Julai 2022 Mahakama Kuu kuwapata na hatia maafisa watatu wa polisi na raia mmoja, na adhabu ikasomwa Februari 2023. Nawataja si ili tuidharau mahakama, maana mwishowe ni mahakama iliyosema ukweli juu yao. Nawataja kwa sababu Mwenda alifanya yote tunayosema mtu asiye na makosa angefanya.

Biblia haina haraka kama sisi kwa jambo hili. Yusufu alimkimbia mke wa Potifa, na vazi aliloliacha ndilo likawa ushahidi wa kumfunga. Daudi alikimbia miaka akiwa hana kosa kwa Sauli. Na Paulo ananisumbua zaidi, kwa sababu alifanya yote mawili. Dameski alishushwa ukutani ndani ya kapu usiku, kama mwizi kabisa. Filipi milango ya gereza ilifunguka yenyewe, akabaki! Nimefikiri sana tofauti iko wapi. Dameski, waliolinda malango walikuwa wanangoja kumuua. Filipi, mlinzi alikuwa tayari ameshika upanga ajiue akidhani wafungwa wametoroka. Uhuru wa Paulo ungelipwa kwa uhai wa mtu mwingine. Kwa hivyo kukimbia peke yake hakukuambii mtu ni nani. Lazima uulize anakimbia nini, na nani atalipa.

Kisha kuna ile miji ya makimbilio. Mungu aliwaambia Israeli watenge miji sita kwa mtu aliyeua bila kukusudia, na katika Kumbukumbu 19 akawaambia hata watengeneze njia ya kufika huko. Fikiria bajeti ya taifa yenye pesa za barabara ya mtoro! Lakini soma vizuri Yoshua 20: akifika, anasimama langoni na kuwaeleza wazee habari yake, na baadaye kesi yake inasikizwa mbele ya mkutano. Hakuwa anakimbia kusikilizwa, alikuwa anakimbilia kusikilizwa. Basi pale ambapo hakuna mji wa namna hiyo, hakuna lango wala wazee wenye masikio, tunamlaumu mtu kwa kukimbilia wapi?

Nilisema nilitikisa kichwa. Kabla ya utumishi, nikiwa nimetoka chuo na digrii yangu ya biashara, nilikuwa nashughulikia vitabu vya hesabu na stoo katika duka moja la pembejeo hapa mjini. Msimu mmoja wa kupanda, magunia 38 ya mbolea hayakuonekana. Kijana mmoja wa kupakia alikuwa na ufunguo wa stoo. Tulimuuliza mbele ya wenzake na mbele ya wateja, kwa sauti. Kesho yake hakuja. Nikaandika ripoti, na sentensi yenye uzito zaidi ndani yake ilikuwa kwamba ametoroka. Watu wakaenda hadi kwao, upande wa Moi's Bridge, wakamwambia mama yake mbele ya majirani kwamba amezaa mwizi.

Mwisho wa mwaka, nikilinganisha hati za mizigo, nilikuta lori moja limeingizwa kitabuni mara mbili. Mwandiko ni wangu. Ile mbolea haikuibiwa, haikuwahi kufika. Nilirekebisha kitabu, nikamwambia mwenye duka, na mambo yakaisha hapo. Kwangu yaliisha. Miaka saba yaliisha.

Baada ya ule ushirika sikulala vizuri. Jumamosi nilipanda matatu nikaenda. Mama alinikaribisha chai. Nilimweleza yote na kumwomba msamaha, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pasta, mimi nimekusamehe. Lakini wale hawakuniambia hapa jikoni. Waliniambia pale nje."

Nilikumbuka Paulo tena. Mahakimu wa Filipi walipotaka kumwachilia kimyakimya alikataa: walitupiga hadharani bila kesi, waje wenyewe watutoe. Nilikuwa nimeshahubiri kifungu hicho mara mbili.

Basi akamwita mzee wa kijiji, na majirani wakaja, kama kumi na watano. Nikasimama pale nje nikasema jina la mtoto wake, nikasema hakuiba, nikasema kosa lilikuwa la kalamu yangu. Jirani mmoja akauliza, kama hakuiba mbona alitoroka. Sikuwa na lingine ila kumweleza vile tulivyomuuliza siku ile na watu waliokuwa wamesimama pale.

Kijana yuko ng'ambo ya mpaka, Uganda, anafanya kazi ya gereji. Humpigia mama yake kila Jumapili jioni. Mama amenipa namba. Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitapiga, na nawaomba mniombee, kwa maana sijui kama atashika.